KARAKANA NDOGO YA SHAMBANI: JINSI YA KUIPANGA, KUIJENGA NA KUITIA VYOMBO

Mvua ya kwanza ikinyesha, mkulima halali. Alfajiri ng'ombe wamekwisha fungwa nira, mbegu iko tayari, na watoto wameamshwa waje kuongoza ng'ombe. Plau inaingia ardhini, inakwenda hatua arobaini, kisha bolti inayoshika chuma cha kukata udongo inakatika. Bolti yenyewe ni ya bei ndogo sana, lakini duka liko maili kumi. Mkulima anaiacha plau kondeni, anapanda gari kwenda mjini, anarudi jioni, kumbe bolti aliyouziwa ni nyembamba. Kesho yake anakwenda tena. Siku ya tatu ndiyo anayolima, na jirani yake amekwisha panda.

Siku hizo mbili si kitu kidogo. Tangu miaka ya 1960 majaribio ya mahindi yaliyofanywa Kitale yalionyesha wazi kwamba mahindi yanayopandwa mvua inapoanza huzaa kuliko yanayopandwa baadaye, hata mbegu ikiwa ile ile na mbolea ikiwa ile ile. Basi aliyepoteza siku mbili kwa ajili ya bolti amelipa bei ya bolti, na nauli mara mbili, na tena amelipa kwa magunia ambayo hatayaona ghalani.

Katika nchi zilizogawanywa chini ya mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, mengi ya mashamba makubwa ya zamani yalikuwa na karakana zao. Humo plau zilitengenezwa, magurudumu yakatiwa grisi na vyombo vikanolewa. Lakini shamba hugawanyika, karakana haigawanyiki. Kila mkulima alipata ardhi yake, mahali pa kutengenezea vyombo hakupata. Tangu siku hizo wengi wetu tunatengeneza vitu vyetu chini ya mti, na misumari tunaiweka katika mkebe ambao hakuna ajuaye uko wapi.

Habari hii inaeleza jinsi mkulima wa ekari chache anavyoweza kujijengea karakana ndogo ya kumfaa, bila kukopa na bila kuweka hati ya shamba rehani.

ANZA NA DAFTARI, SI NA MSINGI

Kosa kubwa la wakulima ni kuanza na nyumba. Mtu huona karakana ya fundi mjini, akarudi nyumbani akachimba msingi wa ukubwa ule ule. Mimi mwenyewe nilikosea hapa. Nilichimba msingi wa futi 30 kwa 20, nikaleta mawe lori mbili, kisha fedha ikaisha. Mawe yale yalikaa miaka mitatu yakiota majani, na panga zangu zikaendelea kulala nje. Nilikuwa nimepanga jengo kabla ya kujua ni kazi gani nitakayoifanya ndani yake.

Kwa hiyo kwanza nunua daftari la shule. Andika kila kitu kilichoharibika shambani kwako mwaka uliopita, kadiri unavyokumbuka. Kisha kwa mwaka huu andika kila kinachoharibika siku ile ile. Piga mistari upate nafasi nne: kitu gani, kimeharibika nini, kimegharimu shilingi ngapi, na siku ngapi zimepotea. Kwa mfano:

Jembe: mpini umevunjika. Nusu siku.
Plau: bolti imekatika. Siku mbili.
Bomba la kunyunyizia dawa: mpira wa ndani umekwisha, dawa inavuja. Siku moja.
Toroli: gurudumu limekauka grisi, mhimili umelika. Siku tatu.
Ua wa ng'ombe: waya imekatika, ng'ombe wameingia katika mahindi. Hasara kubwa.
Kiti na mlango wa jikoni: vimelegea tangu mwaka jana.

Ukiisha kuandika hivyo, soma daftari lako kama mwalimu anavyosoma kazi ya mwanafunzi. Utaona kwamba kazi nyingi ni za namna nne tu: kunoa, kukaza, kutia mpini, na kupigilia msumari au kufunga waya. Kazi hizi hazihitaji mtambo. Zinahitaji mahali pakavu, meza imara, vyombo vichache vizuri, na mkebe wa bolti unaojulikana ulipo.

Utaona pia kazi ambazo si zako. Kuchomelea chuma kilichovunjika, kutengeneza injini na kufunga umeme ni kazi za fundi aliyefundishwa. Mpelekee. Karakana ya mkulima haishindani na fundi. Kazi yake ni kuziba ufa kabla haujawa ukuta.

MAHALI PA KUJENGA

Chagua mahali unapoweza kupaona kutoka mlangoni kwa nyumba yako. Karakana iliyofichika nyuma ya miti ni ya mwizi. Lakini isigusane na nyumba, wala na jiko, wala na banda la majani ya ng'ombe, maana moto ukitokea upande mmoja usipate njia ya kwenda upande wa pili. Hatua ishirini na tano au zaidi kati yake na nyasi kavu zinafaa.

Pawe mahali palipoinuka ambapo maji hayatuami. Chuma na mbao adui yao ni mmoja, nao ni unyevu. Pasiwe karibu na shimo la samadi, kwa sababu hewa ya samadi hulisha mabati na misumari kutu.

Tazama miti yako imeinamia upande gani. Huko ndiko upepo wenye nguvu unakoelekea. Mlango usiukabili upepo wala mvua. Tena hakikisha kuna njia ya kufikisha gari la ng'ombe au toroli hadi mlangoni, hata wakati wa matope.

Kabla ya kujenga, uliza katika ofisi ya kaunti kama jengo lako linahitaji kibali. Ni afadhali kuuliza siku moja kuliko kubomoa.

UKUBWA NA RAMANI

Kwa mkulima wengi wa skimu, jengo la futi 18 kwa futi 12 linatosha, yaani kama meta 5 na nusu kwa meta 3 na sentimeta 65. Ndani yake plau yaweza kuingia, gari la ng'ombe laweza kusukumwa kinyumenyume mvua ikinyesha, na watu wawili waweza kufanya kazi bila kugongana.

Panga hivi. Meza ya kazi ikae kando ya ukuta mmoja mrefu, chini ya madirisha. Mlango wa futi 8 uwe katika ukuta mfupi, ili kitu kikubwa kiingie moja kwa moja na kukaa kando ya meza. Ukuta mrefu wa pili uwe wa rafu na wa kutundikia majembe, mabeleshi na nyuma. Ukuta mfupi wa mwisho uwekewe kabati la kufuli kwa vyombo vidogo vya thamani. Katikati pabaki wazi. Wengi hujaza katikati kwa magunia, kisha wakalalamika kwamba karakana ni ndogo. Magunia yana ghala lake.

Kabla ya kuchimba shimo lolote, chora ramani hiyo juu ya ardhi yenyewe kwa vigingi na kamba. Weka meza ya chakula mahali pa meza ya kazi. Leta plau na toroli, uviingize kati ya kamba. Jaribu kuzunguka ukiwa umebeba ubao mrefu. Kama unakwaruzana na kamba leo, utakwaruzana na ukuta kesho, nao ukuta hausogei.

KUPATA PEMBE ZILIZO SAWA

Jengo lisilo na pembe za sawa hutaabisha fundi hadi kwenye paa. Njia ya kupata pembe ni rahisi, na mtoto wa shule aweza kukusaidia. Piga kigingi cha kwanza penye pembe. Kutoka hapo pima futi 6 juu ya kamba moja, utie alama. Juu ya kamba ya pili pima futi 8, utie alama. Sasa pima kutoka alama hadi alama. Ikiwa ni futi 10 kamili, pembe yako ni sawa. Ikizidi au ikipungua, sogeza kamba ya pili mpaka ipatikane.

Ukimaliza pembe zote nne, pima kutoka pembe hadi pembe kwa kukatiza katikati, pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili lazima vilingane. Kwa jengo la futi 18 kwa 12 kila kimoja kitakuwa karibu futi 21 na inchi 7 na nusu.

NGUZO, PAA NA KUTA

Paa la mteremko mmoja ndilo rahisi na ndilo la gharama ndogo. Ukuta wa mbele, wenye madirisha na meza, uwe na kimo cha futi 9. Ukuta wa nyuma uwe na futi 7. Hivyo paa litashuka futi 2 katika upana wa futi 12, na maji hayatasimama juu ya mabati.

Utahitaji nguzo 11: nne za ukuta wa mbele, nne za nyuma, zikiachana futi 6, moja katikati ya ukuta mfupi wa mwisho, na mbili za mlango. Ongeza futi 2 kwa kila nguzo, ndizo zitakazoingia ardhini. Basi za mbele ziwe na urefu wa futi 11 na za nyuma futi 9. Usikate nguzo kabla ya kukumbuka jambo hili. Nimeona mkulima aliyekata zote kwa futi 7, akapata karakana ya kuingia kwa kuinama.

Mti wa mwerezi, ambao wengi wetu huuita mtarakwa, huvumilia mchwa miaka mingi. Mkaratusi mbichi hauvumilii, bali mkaratusi uliokaushwa na kutiwa dawa kiwandani ni mzuri. Usimwage oili chafu ya gari katika mashimo ya nguzo kama wengi wanavyofanya, hasa karibu na kisima, kwa maana huchafua udongo na maji. Tia jiwe bapa chini ya shimo, simamisha nguzo kwa timazi, kisha shindilia mawe na udongo kidogo kidogo.

Juu ya nguzo laza mbao za inchi 4 kwa 2, na juu yake mbao za 3 kwa 2 za kupigilia mabati. Acha mabati yatokeze futi moja kila upande ili mvua isipige kuta. Ukinunua mabati, kumbuka kwamba nambari ya geji ikiwa ndogo bati ni nene. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na 30 kuliko 32. Usidanganyike na mng'ao. Weka bati moja au mawili ya plastiki yanayopitisha mwanga, juu ya meza na juu ya nafasi ya katikati.

Kuta zaweza kuwa za mabanzi, za mbao, za matofali au za mawe, kadiri ulivyo navyo. Acha nafasi ya inchi 6 chini ya paa, uifunge kwa wavu wa waya, ili hewa ipite na ndege na popo wasiingie. Kama katika shamba lako kuna vipande vya mabati ya asbesto kutoka katika nyumba za zamani, usivitumie, usivikate wala usivivunje. Vumbi lake huingia mapafuni na kuleta maradhi mabaya baada ya miaka mingi.

Usiyapoteze maji ya paa. Paa lenye kutokeza futi moja kila upande lina futi 20 kwa 14, nayo ni karibu meta 26 za mraba. Kila milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo mvua ya milimeta 20 huleta karibu lita 520 juu ya paa hilo. Hata sehemu fulani ikipotea, pipa mbili za lita 200 zitajaa kwa mvua moja. Tia mfereji wa bati upande wa nyuma, maji yatafaa ng'ombe, na nguzo zako hazitasimama katika matope.

SAKAFU

Sakafu iwe juu ya ardhi ya nje kwa inchi 6. Mwaka wa kwanza shindilia murram vizuri, itakutosha. Mahali palipo na haja ya saruji upesi ni chini ya meza na mbele yake, unaposimama. Ukanda wa futi 4 kwa urefu wote wa futi 18, wenye unene wa inchi 3, hautazidi mifuko 4 ya saruji ya kilo 50. Sakafu nzima huhitaji mifuko kama 10. Changanya karai moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Ukiisha kumwaga, funika kwa magunia yenye maji kwa siku saba. Saruji iliyokaushwa na jua haraka hupasuka.

MEZA YA KAZI

Meza ndiyo moyo wa karakana. Meza inayotikisika haifai hata kwa kunyosha msumari. Miguu yake iwe ya mbao za 4 kwa 4 au magogo manyoofu, ifungwe kwa bolti katika nguzo za ukuta. Juu yake tumia mbao za unene wa inchi 2. Urefu futi 6 au zaidi, upana futi 2. Ukizidisha upana, mkono hautafika ukutani.

Kimo chake kifuate mtu, si kitabu. Simama wima, mikono ikining'inia. Juu ya meza pafike penye kifundo cha mkono wako. Jiliwa, ambalo mafundi wengi huliita vaisi, lifungwe juu ya mguu wa meza, mahali palipo imara, na kinywa chake kifike karibu na kiwiko chako. Likiwa chini mno mgongo utauma, likiwa juu mno tupa haitakwenda sawa.

Ikiwa mkeo na vijana wako ndio wanaotumia majembe zaidi, pima kwao pia. Weka ubao wa kukanyagia kwa aliye mfupi, na misumari ya kutundikia ifikiwe na wote. Chombo kinachochukuliwa na baba peke yake hakitengenezwi baba akiwa safarini.

VYOMBO: MAFUNGU MATATU

Usinunue vyombo vyote siku moja. Nunua kwa mafungu, ukifuata daftari lako. Chombo kimoja kizuri ni bora kuliko vitano vinavyopinda.

Fungu la kwanza ni la kunoa na kukaza. Tupa bapa na tupa ya nusu duara zenye mipini, kinoo, nyundo, koleo la kukatia waya, spana za kadiri ya bolti za plau na gari lako, bisibisi mbili, mkebe wa grisi, na oili safi. Pamoja na hivyo, mkebe wa bolti, nati na washa. Chukua bolti za zamani za plau yako uende nazo dukani, ununue tatu za kila namna. Hizo ndizo zinazookoa siku ya mvua ya kwanza.

Fungu la pili ni la mbao na mipini. Msumeno, patasi mbili, randa, shoka dogo, skwea, futi ya kupimia, pimamaji, keekee ya mkono na ncha zake, na jiliwa lenyewe ikiwa hukulipata mapema.

Fungu la tatu ni la chuma na kazi nzito. Msumeno wa chuma, patasi ya chuma, mtaimbo, jeki, na chuma kizito cha kupondea juu yake. Chuma hicho ukitafute kwa muuza vyuma vikuukuu, lakini kisiwe kipande cha reli. Reli ni mali ya umma, na kukutwa nayo kutakufikisha kortini.

Chombo cha bei kubwa kinachotumiwa mara chache, kama mashine ya kusaga chuma au ya kutoboa, chaweza kununuliwa na jirani wanne au watano kwa pamoja. Andikeni tangu mwanzo kinakaa kwa nani, na nani hulipa kikiharibika. Urafiki wa miaka mingi umevunjwa na keekee moja.

Mambo machache ya kutumia vyombo hivi. Tupa hukata inaposukumwa mbele, usiikandamize inaporudi. Meno ya msumeno wa chuma yatazame mbele, mbali nawe. Ukinoa panga au jembe, fuata mteremko ule ule wa makali ya zamani. Usipige nyundo juu ya jiliwa, halikuumbwa kuwa fuawe. Mpini wa jembe uwe wa mti mkavu, wenye nyuzi zilizonyooka na usio na vifundo. Kata miti ya mipini msimu mmoja kabla, uilaze juu ya boriti za paa ikauke kivulini. Mpini mbichi hulegea kila ukikauka, na kichwa cha shoka kikitoka kikiwa hewani chaweza kuua mtu.

KILA CHOMBO NA KIVULI CHAKE

Pigilia ubao mkubwa ukutani juu ya meza. Tundika kila chombo mahali pake, kisha chora umbo lake kwa rangi. Jioni ukitazama ukutani utaona mara moja kivuli kisicho na mwenyewe. Kama ni kivuli cha nyundo, nyundo iko nje, itafutwe kabla ya giza. Mtoto asiyejua kusoma naye ataweza kurudisha chombo mahali pake.

Tena uwe na daftari la pili, la vyombo. Andika jina la chombo, siku ulipokinunua, bei yake na alama uliyokitia. Mipini itie alama kwa chuma cha moto, na vyuma kwa kugonga. Jirani akiazima, andika jina lake na tarehe mbele yake, wala usione haya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wengi wetu tumepoteza zaidi kwa kuazimana kuliko kwa wezi.

HATARI ZA KARAKANA

Dawa za mifugo na za mimea zisikae katika karakana pamoja na vyombo. Ziwe katika sanduku lao lenye kufuli, mahali pengine pasipofikiwa na watoto. Wala usimimine dawa, petroli au maji ya betri katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu haulizi.

Petroli na mafuta ya taa yawekwe nje ya karakana, katika vyombo vyake vilivyofungwa. Vitambaa vyenye mafuta vitiwe katika mkebe wenye kifuniko, kwa sababu vikirundikwa vyaweza kupata joto na kushika moto vyenyewe. Weka ndoo mbili za mchanga mkavu karibu na mlango. Moto wa mafuta huzimwa kwa mchanga, haumwagiwi maji.

Vaa miwani ya kazi unapokata, unaponoa kwa mashine au unapopiga chuma juu ya chuma. Miwani hupatikana dukani, jicho halipatikani. Ukitaka taa, mtambo mdogo wa jua unatosha kwa mwanzo. Ukileta umeme wa waya, ufungwe na fundi mwenye leseni. Betri ikitiwa moto, milango iwe wazi na pasiwe na sigara wala ndimi za moto, maana hutoa hewa inayolipuka. Sanduku la huduma ya kwanza, lenye bendeji na dawa ya kusafishia vidonda, lining'inie mahali panapoonekana.

JENGA KWA MIAKA MITATU

Mwaka wa kwanza: daftari, nguzo, paa, ukanda wa saruji, meza na fungu la kwanza la vyombo. Kuta bado. Vyombo vikae katika sanduku la kufuli, nalo liingizwe nyumbani kila jioni. Hata hivyo tayari unafanya kazi mahali pakavu, na paa hilo limeanza kujilipia.

Mwaka wa pili: kuta, mlango, ubao wa vivuli, kabati na fungu la pili.

Mwaka wa tatu: sakafu iliyobaki, mfereji na tangi la maji, taa, na fungu la tatu.

Kila mwaka ulipie kwa mazao ya mwaka ule. Kama mwaka ni mbaya, simama ulipofika. Paa juu ya nguzo si aibu. Aibu ni msingi wa mawe unaoota majani, kama ule wangu.

Tena usisahau vijana. Kijana aliyemaliza shule na kukaa nyumbani bila kazi, mpe ufunguo wa karakana na daftari la vyombo. Ikiwa ana mkono mwepesi, mpeleke katika chuo cha ufundi cha kaunti ajifunze useremala au kazi ya chuma. Huenda baada ya muda jirani watamletea majembe yao, na karakana iliyojengwa kwa kuokoa siku za plau ikaleta shilingi nyumbani.

Kabla ya mvua zijazo, fanya jambo moja tu. Nenda ukaitazame plau yako mahali ilipo sasa. Zungusha kila nati kwa mkono. Iliyolegea ikaze, iliyoliwa na kutu ibadilishe, na bolti zake upate akiba ya tatu tatu katika mkebe wenye alama. Kisha fungua daftari, uandike ukurasa wa kwanza. Ukiwa na swali juu ya vipimo au mahali pa kujenga, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako, na daftari hilo uende nalo. Litamwonyesha haja yako kabla hujasema neno.